Ubongo wa Kikapu cha Akello

Kijiwe cha Chepseon hakina paa lake. Kimeazima la kituo cha kununulia majani ya chai, ng'ambo ya barabara kuu, na benchi lenyewe ni ubao mmoja wa mkaratusi uliolazwa juu ya matofali, ncha moja imeinama kwa sababu ndiyo anayokalia Kipkurui. Ukisimama hapo unaona chai tu, chai iliyopanda mlima na kushuka upande wa pili, chai mpaka mlangoni pa choo cha kanisa. Lakini anayekaa hapo hanywi chai. Tangu bonasi ya mwaka jana, malipo ya mwisho wa mwaka kwa wakulima, ilipopungua, wote walikula kiapo kwamba hakuna atakayeionja benchini mpaka bei irudi, na Jentrix, aliyekuwa akiwauzia, akaimwaga siku hiyohiyo na kesho yake akaja na chupa kubwa ya kahawa ya Kipkelion, chungu kama dawa. Asubuhi ya Alhamisi moja, ukungu ukiwa bado umelala juu ya majani, kando ya benchi kulikuwa na kitu kilichofunikwa aproni ya plastiki ya rangi ya njano. Mwenye kitu hicho, Mwalimu Joab Okeyo, alishika karatasi iliyokunjwa mara mbili.

Pale kijiweni walimwita Desimali. Ukimuuliza saa, hakukwambia ni saa mbili na nusu. Alikwambia ni saa mbili na dakika thelathini na nne. Alifundisha fizikia katika shule ya kutwa. Mkewe, Akello, alikuwa amefariki miezi minane na siku kumi na moja zilizopita, na hesabu hiyo pia hakuikosea.

Kwenye karatasi alikuwa ameandika jina la kompyuta ya kuiendesha mashine yake, ile kubwa kati ya mbili alizozifikiria. Kabla ya saa nne Kipruto angepita na lori lake la kabeji akielekea Nairobi, na kesho jioni angerudi na chochote kitakachokuwa kimeandikwa hapo. Jumamosi angefika Gordon, kaka mkubwa wa Mwalimu, kutoka kwao ziwani, na pikapu ya kuhamisha vyombo. Gordon alikuwa amesema kwa simu, bila ukali, kwamba mwanamume aliyefiwa hakai peke yake milimani akizungumza na vyuma. Vyombo vitapakiwa, na ile takataka isiyotembea itauzwa kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Mwalimu alijibu maneno mawili: Ikitembea, sitoki. Gordon akasema: Sawa, ikitembea.

— Kwa hivyo ni ile kubwa, — alisema Kipkurui, ambaye jina lake la kijiweni ni Bonasi, kwa kuwa hawezi kumaliza sentensi tatu bila kuitaja. Ana ekari mbili za chai na ndiye anayetunza ufunguo wa kituo.

— Ni ile kubwa, — alisema Mwalimu.

— Fungua tuone kwanza mwili. Huwezi kununulia mtu kofia kama hujaona kichwa.

Mwalimu aliinua aproni. Palikuwa na fremu ya chuma iliyotokana na kitanda cha bweni, magurudumu manne ya toroli, mota za waipa za gari lililokufa zamani, na juu yake kikapu cha kuchumia chai, kile cha mgongoni, kimefungwa kwa mikanda yake mwenyewe. Mbele ilichomoza kamera, ndogo kama kifungo cha koti.

— Kazi yangu hiyo, — alisema Opondo, fundi wa kuchomelea, aliyeitwa Injini. — Hiyo welding hata tembo akalie.

— Tembo hatumtaki, — alisema Jentrix. — Mwalimu, kunywa, inapoa.

Wote walijua kitu hicho kilivyoanza, kwa hiyo hakuna aliyekisimulia. Akello alichuma chai katika shamba la kampuni kwa miaka kumi na tisa, mpaka kampuni ilipoleta mashine ambayo wanaume wawili hushika huku na huku, ikanyoa safu nzima kabla wanawake kumi hawajajaza vikapu. Alirudi nyumbani na barua, akaiweka mezani mbele ya mumewe, akasema: Wameunda mashine ya kunitoa shambani. Wewe una digrii ya fizikia. Niundie ya kunifuata. Alitaka imbebee kikapu, imfuate kati ya safu, asimame isimame, asonge isonge. Wakahamia Chepseon, wakanunua nusu ekari ya chai, na kwa miaka miwili kila Jumapili baada ya ibada waliketi nyuma ya nyumba na koleo na bisibisi. Ilibaki ubongo tu.

— Lakini Mwalimu, wacha nikwambie ukweli, — alisema Omariba, kijana mwenye saiba, duka la kompyuta na intaneti, ambaye pale huitwa Saiba. Alikuwa na kitu ndani ya mfuko wa karatasi. — Hiyo kubwa unayotaka ni ya watu wa maabara. Mimi nimekuletea hii. Mini PC, ex-UK, ilikuwa ofisini huko kwao. Iko na nguvu, iko na Windows, hata ukichoka na roboti unaandikia barua.

Akaitoa, nyeusi, bapa, ukubwa wa kitabu cha nyimbo za kanisani.

— Ilikuwa ofisi gani? — aliuliza Kipkurui.

— Sijui. Ya bima.

— Basi itakataa kila kitu.

— Nimesema iko na nguvu!

— Nguvu tutaijuaje?

— Kuna namba hapa chini. Kori nne.

— Mimi sijui kori. Hapa Chepseon kitu kinapimwa. — Kipkurui alikuwa ameshasimama, ufunguo mkononi. — Karani hajafika. Lete gunia.

Mwalimu alitaka kusema kwamba nguvu ya kompyuta haipimwi kwa kilo, lakini mizani ya kituo ilikuwa imeshawashwa, na kompyuta ya ofisi ya bima ikawekwa ndani ya gunia la neti la kubebea majani, ikaning'inizwa kwenye ndoano, ikaanza kuzunguka polepole.

— Moja nukta tatu, — alisoma Injini.

— Toa kilo ya gunia, — alisema Kipkurui.

— Kwa nini utoe kilo? Gunia halifiki hata robo!

— Unaniuliza mimi? Kila siku natolewa kilo ya gunia. Miaka ishirini na sita. Leo ni zamu ya Saiba.

— Inabaki sufuri nukta tatu, — alisema Injini.

— Na maji. Asubuhi majani yana umande, karani hutoa maji.

— Kompyuta haina umande, mzee! — alisema Saiba.

— Imekaa kwa ukungu tangu saa moja. Toa maji. — Kipkurui aliandika kiganjani kwa kidole, kama karani. — Saiba, umeleta gramu mia mbili. Hiyo haiwezi kubeba kikapu cha kilo kumi na mbili. Rudi ukachume tena.

Jentrix alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Hata Mwalimu alihisi mdomo wake ukitaka kwenda upande, na akauzuia.

Wakati huo mwanamke mmoja mgeni alikuwa ametua kikapu chake ukumbini mwa kituo, akatandaza gunia na kumwaga majani yake ayachambue kabla karani hajafika. Alisalimia, "Chamgei," nao wakaitikia bila kugeuka. Akaanza kutoa majani magumu moja moja na kuyatupa kando.

— Mimi nasema simu, — alisema Injini, akimwita Mwalimu kwa jina la bintiye. — Baba Jerusa, nisikize. Simu iko na kamera, iko na betri yake, iko na torchi. Funga simu mzee kwa hiyo fremu, kazi imeisha. Si lazima Nairobi.

— Simu haina pini za kuwashia mota, — alisema Mwalimu.

— Nitachomelea.

— Huwezi kuchomelea pini kwenye simu, omera, ndugu yangu.

— Sijawahi kujaribu. Hiyo si huwezi.

— Na mtu akipiga? — aliuliza Jentrix. — Iko katikati ya mlima na kikapu, simu inalia. Inasimama kuongea?

— Hapo ndipo utajua ni ya Kenya.

— Saa nane mvua inanyesha, — alisema Kipkurui. — Kila siku ya Mungu. Na pili, ni mvua ya mawe. Simu, kompyuta, yoyote ile, itapigwa na barafu kichwani kama sisi. Hiyo ndiyo maana nataka nzito. Lakini nina swali kubwa kuliko hilo. Hiyo ya Mwalimu imetengenezwa wapi?

— Ng'ambo.

— Ng'ambo kwa chini au kwa juu?

— Kwa chini vipi?

— Usawa wa bahari! Wazungu wanakuja hapa kukimbia na watoto wetu. Siku ya kwanza wanahema kama mbuzi. Wiki mbili ndio wanazoea. Sasa kompyuta imetoka bandarini, Kipruto anaileta Ijumaa, Jumamosi unataka ipande mlima?

— Kompyuta haipumui, Bonasi.

— Basi kwa nini ina feni?

Injini alimtazama Mwalimu akitegemea jibu la kitaalamu.

— Feni ni ya joto, — alisema Mwalimu. — Ingawa ni kweli kwamba mahali pa juu hewa ni nyepesi, na feni hupoza kwa shida kidogo.

— Umesikia! — Kipkurui aliruka, na ncha yake ya benchi ikainuka. — Mtu wa digrii amekubali! Kompyuta inahema!

— Hilo si kubwa, — alisema Saiba, ambaye bado alikuwa na uchungu wa gramu zake. — Kubwa ni hii. Hiyo ya Mwalimu iko na akili. Inafikiri. Na ile mashine ya kampuni nasikia wanataka kuitia akili pia. Sasa hizi mbili zikijuana kwa hewa? Usiku zinaongea. Ya kampuni inaambia ya Mwalimu: hapa kuna shamba kubwa, kuna karakana, kuna mafuta, wewe unahangaika na nusu ekari. Asubuhi unaamka, kikapu kimeajiriwa.

— Au hii ya Mwalimu inaenda kuambia ile waanzishe chama cha wafanyakazi, — alisema Jentrix.

— Hiyo nataka! — alisema Injini. — Hiyo ikitokea mimi nachomelea bure.

— Na bonasi wataomba, — alisema Kipkurui.

Walicheka, na kicheko kilipokwisha Injini akasogea karibu na Mwalimu. Sauti yake ilishuka.

— Lakini kweli, baba Jerusa. Hiyo kubwa inakula moto. Si wewe ulisema?

— Wati ishirini na tano ikifanya kazi yote, — alisema Mwalimu. — Kwa saa tano za kuchuma ni wati-saa mia na ishirini na tano. Betri ya pikipiki ina themanini na nne. Kwa hiyo ni mbili, kwa ubongo peke yake. Mota zina yao.

— Niko nazo hapa mbili.

Kipkurui hakungoja kuombwa. Betri mbili za pikipiki ziliingia ndani ya gunia la neti, na mizani ikasoma nne nukta nane.

— Toa kilo ya gunia, — alisema Kipkurui, — tatu nukta nane. Si mbaya.

— Usitoe, — alisema Mwalimu. — Mlima haupunguzi kitu.

Alisema hivyo kwa sababu ilikuwa kweli, kisha akaisikia. Karibu kilo tano. Akello alikuwa akirudi na kikapu, akikishusha, akisimama na mikono kiunoni mpaka mgongo ukubali kunyooka. Huwezi kumpunguzia mtu mzigo kwa kumwongezea mwingine.

— Sasa kwa nini hutaki ile ndogo? — aliuliza Saiba. — Ile Raspberry ndogo kabisa, kama kiberiti. Inakula wati tatu. Hata mimi naijua. Hiyo sikutaka kukuuzia kwa sababu sina.

— Ile ndogo haina uwezo.

— Uwezo wa nini?

Mwalimu aliikunja karatasi mara ya tatu. Hakuwa amemwambia mtu. Katika simu yake mlikuwa na picha mia nne na kumi na mbili za Akello, na kompyuta kubwa ingeweza kufundishwa kwa picha hizo mpaka iujue uso mmoja kati ya nyuso zote. Ile ndogo, kwa haraka inayotakiwa shambani, ingejua rangi tu.

— Uwezo, — alisema. — Nimeamua. Ni ile kubwa. Kama ni nzito, Injini ataongeza mota. Kama inahema, ihemee Jumamosi mbele ya Gordon. Nitaipandisha huo mlima hata kwa kamba.

— Gordon alisema itembee, hakusema ivutwe, — alisema Jentrix.

— Gordon hatanitoa hapa. Kampuni ilimtoa Akello shambani kwa barua ya aya mbili. Mimi sitatolewa kwa pikapu.

Aliyasema kwa sauti yake ya darasani, isiyopanda. Kipkurui alivua kofia, akaitazama ndani, akaivaa tena.

Mwanamke mgeni alikuwa amemaliza kuchambua. Alikuja na kikombe cha plastiki akamwomba Jentrix kahawa. Alisema anaitwa Nelvine, ametoka Chebunyo, ameolewa hapo juu kwa kina Chepyegon, na huko kwao ni ng'ombe na mahindi, chai ameianza mwezi huu. Huku akingojea kikombe aliizunguka ile fremu, akagusa ukanda wa kikapu, akainama kuitazama kamera.

— Samahani, Mwalimu. Nimesikia mkisema inabeba.

— Inabeba.

— Na inafuata mtu.

— Inafuata.

— Itamfuata nani?

Injini alimtazama Saiba. Saiba alitazama kompyuta yake iliyolala ndani ya mfuko. Kipkurui, ambaye hajawahi kukosa theolojia wala hesabu ya jambo lolote, alitazama mizani kana kwamba namba ingetokea hapo. Jentrix aliinamisha chupa juu ya kikombe cha Nelvine. Yalitoka matone manne, kisha hewa.

— Imeisha, — alisema Jentrix polepole, na ilikuwa saa tatu na nusu tu.

Nelvine hakujua alichokuwa amekifanya. Alijaribu kukirekebisha.

— Nauliza kwa sababu huyu mwenye jicho yuko nyuma yako. Mimi nikichuma, anayenifuata ananiona mgongo tu.

Mwalimu alitoa simu. Waliokuwa karibu walidhani anatazama saa. Alipitisha picha kwa kidole: Akello harusini kwa binamu, Akello na Jerusa siku ya kuhitimu uuguzi, Akello akikataa kupigwa picha na kucheka akikataa, Akello na bisibisi. Alizipitia kwa utaratibu, bila kuruka, kama anayesahihisha mitihani. Ilimchukua dakika saba. Katika picha mia nne na kumi na mbili hapakuwa na hata moja ya mgongo wake. Miaka miwili alikuwa amekaa juu ya michoro ya mashine ya kumfuata mtu, na hakuwahi kujiuliza mashine ingeona nini.

Akello alijua. Siku moja alikuwa amesema, akifuta grisi mikononi, kwamba huko shambani wanatambuana kwa aproni, kwa kuwa kila mtu ameinama. Yeye alichagua ya njano ili aonekane hata ukunguni. Mumewe aliiandika daftarini chini ya Mengineyo.

Honi ya lori ililia barabarani. Kipruto hakuzima injini. Alitoa mkono dirishani na kupiga mlango kwa kiganja.

— Mwalimu! Karatasi! Trafiki wako pale chini!

Mwalimu aliikunjua karatasi mgongoni pa Injini, akakata jina lililokuwapo kwa mstari mmoja ulionyooka, akaandika jingine chini yake. Akavuka barabara, akaiingiza dirishani. Kipruto aliisoma.

— Hii si ulisema haina akili?

— Inajua rangi moja.

— Rangi moja inatosha?

— Kwa kazi hii.

— Na kaka yako Jumamosi?

— Mwache aje. Atakuta niko shambani.

Lori liliondoka na kabeji zake. Mwalimu alirudi, na wote benchini walimtazama akichukua ile aproni ya njano iliyokuwa imefunika fremu. Hakuikunja. Aliikung'uta umande, akaizungusha kiunoni juu ya suruali yake ya shule, akapeleka mikono nyuma kutafuta kamba. Alikosa mara mbili. Mara ya tatu Jentrix alifanya kama anainuka kumsaidia, naye akamzuia kwa kichwa, akakaza fundo mwenyewe. Ilikuwa fupi kwake, ikaishia sentimita kumi hivi juu ya magoti. Katika mlima ule wote hakuna aliyewahi kumwona mwalimu wa fizikia katika aproni ya wachumaji, na hakuna aliyecheka, hata Kipkurui, ambaye uso wake ulikuwa umejaa kicheko alichokizuia.

— Mwalimu, — aliuliza Nelvine, — unajua kuchuma?

— Sijui.

— Hata kidogo?

— Ni majani mawili na chipukizi. Hiyo ni nadharia.

— Sasa hiyo mashine itakufuata ukifanya nini?

Mwalimu aliishika fremu kwa mpini aliouchomelea Injini, akaielekeza mlimani, ambako ukungu ulikuwa unaanza kuachia safu za juu.

— Nikijifunza, — alisema, na akaanza kuisukuma.